Betri ya Pikipiki Haishiki Chaji: Tafuta Chanzo Kabla ya Kununua Betri Nyingine

Betri ya pikipiki ikifa, madereva wengi huenda moja kwa moja duka la vipuri. Betri mpya inafungwa, stata inaita vizuri, na baada ya wiki kadhaa ile mpya nayo imelala. Hapo lawama huangukia betri za siku hizi kwamba ni feki. Feki zipo, lakini kesi nyingi za namna hii chanzo chake kiko nje ya betri: soketi iliyooza, rektifaya (kiboksi kinachogeuza umeme wa injini uifae betri) iliyokufa, swichi ya breki iliyoganda, au redio iliyofungwa kiholela. Betri inapokea adhabu tu.

Mikoa yetu ya Lindi na Mtwara ina mambo yake. Pwani, kuanzia Mtwara mjini na Mikindani hadi Lindi na Kilwa Masoko, adui wa kwanza ni chumvi. Hewa ya bahari inaingia ndani ya soketi, shaba inageuka kijani, na umeme unapungua njiani kabla haujafika kwenye betri. Pikipiki zinazovuka na kivuko cha Msangamkuu au cha Kitunda hupata na manyunyu ya maji ya bahari juu yake. Bara, kwenye barabara za vumbi za Liwale, Nachingwea na Tandahimba, adui ni mtikisiko: waya zinakatika ndani kwa ndani huku mpira wa nje ukiwa mzima, hasa pale kwenye shingo ya usukani zinapokunjwa kila unapokata kona. Kwa hiyo fundi wa pwani aanze kuzitilia shaka soketi, na fundi wa bara aanze na waya.

Vifaa havizidi vitu vichache: mita ya umeme ya kidijitali, hata ile ya bei ndogo, bisibisi na spana namba 10, msasa laini, brashi ya waya, na balbu ya volti 12 yenye waya mbili kwa majaribio ya haraka. Mita ndiyo ya lazima. Kugusisha waya wa betri kwenye fremu ili kuona cheche ni mchezo wa kuunguza diodi, vile vipande vya ndani ya rektifaya vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, na hakuna unachojifunza kutokana na cheche.

Vipimo vitatu vya mwanzo

Weka mita kwenye volti za DC (umeme wa upande mmoja, kama wa betri), alama ya 20. Ncha nyekundu kwenye chanya ya betri, nyeusi kwenye hasi. Gusisha kwenye vichwa vya betri vyenyewe, usigusishe kwenye nati wala kwenye klipu ya waya.

Kipimo cha kwanza ni cha asubuhi, pikipiki ikiwa imelala usiku kucha. Betri ya maji iliyojaa husoma kama volti 12.6 hadi 12.8, betri kavu (iliyozibwa, isiyoongezwa maji) huweza kusoma juu kidogo ya hapo. Ukiona 12.4 ujue imebaki kama robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni kama robo. Chini ya 11.8 imekwisha. Ukipima mara tu baada ya kuzima injini utadanganywa, kwa sababu chaji ya juujuu huipandisha namba kwa muda. Subiri saa chache.

Kipimo cha pili: bonyeza stata huku ukiangalia mita. Volti itashuka, lakini isishuke chini ya 9.5 au 10. Betri inayosoma 12.6 ikiwa imetulia halafu ikaporomoka hadi 7 au 8 stata inapoita haina nguvu ndani, hata kama namba yake ya asubuhi inapendeza.

Kipimo cha tatu ndicho kinachoamua njia. Washa injini, piga resi ya kati, kama ya mwendo wa kawaida barabarani, ishikilie hapo, usome mita. Kati ya 13.5 na 14.8 mfumo unachaji. Ikibaki 12 na kitu bila kupanda, hauchaji. Ikipita 15, unachaji kupita kiasi. Usihukumu kwa namba ya injini inayounguruma bila resi: pikipiki ndogo nyingi hapo hazitoi umeme wa kutosha, na kusoma 12.7 au 13 si ugonjwa.

Tahadhari moja hapa. Betri iliyokufa inaweza kukupotosha katika kipimo hiki. Yenye seli iliyoshoti itaivuta volti chini hata kama rektifaya ni nzima, na betri itapata joto mkononi. Iliyoganda salfeti (ukoko mweupe kwenye bamba za ndani) itafanya kinyume: volti inaruka juu haraka kwa kuwa haipokei kitu. Ukipata namba ya kushangaza, azima betri unayojua ni nzima, rudia kipimo, kisha ndipo uendelee.

Taa inawaka vizuri lakini betri haijai

Malalamiko haya yanawachanganya wengi, na jibu lake liko kwenye jinsi pikipiki ilivyotengenezwa. Pikipiki nyingi za Kichina za mtindo wa CG125 zina koili mbili (nyaya zilizosokotwa zinazozalisha umeme) chini ya magneti: moja ni ya taa, nyingine ni ya kuchaji betri. Taa kubwa hupata umeme wa AC (unaogeuka upande kila mara) moja kwa moja kutoka kwenye koili yake, ndiyo maana hufifia injini ikiunguruma taratibu na kung'aa ukipiga resi. Taa hiyo haikuambii lolote kuhusu betri. Unaweza kuwa na taa kali kutoka Masasi hadi Ndanda huku betri haipati hata tone.

Hali kadhalika moto wa plagi. Pikipiki zenye CDI (kiboksi cha kuwashia plagi) ya AC huzalisha umeme wa plagi kwenye koili yake maalumu, hivyo huwaka kwa kiki hata betri ikiwa tupu. Zenye CDI ya DC hutegemea betri. Betri ikiisha, hata kiki haisaidii. Jua ya kwako ni ipi, maana ya kwanza itakuficha ugonjwa wa chaji kwa miezi.

Na kwa sababu injini inawaka bila betri, wapo wanaoing'oa kabisa na kuendelea na kazi. Mfumo umeundwa ukiwa na betri inayopokea umeme na kuutuliza. Bila betri volti hupanda na kushuka ovyo kila unapopiga resi, na balbu, taa za LED na rektifaya yenyewe huungua moja baada ya nyingine.

Volti haipandi hata ukipiga resi

Fuata njia ya umeme kuanzia betri kurudi nyuma. Usianze kwa kufungua kava ya magneti. Utamwaga oili na kuharibu gaskiti bure, ilhali ugonjwa huenda uko chini ya kiti.

Fyuzi. Nyingi ni za ampea 10 au 15, karibu na betri. Itoe uipime, usiiangalie kwa macho tu, kwa kuwa uzi wa fyuzi huweza kukatika pale unapoingia kwenye kifuniko cha chuma, usionekane. Ukiikuta imeungua, weka ya kiwango kilekile. Kipande cha waya wa shaba au karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara badala ya fyuzi kitaihamishia shoti kwenye nyaya zote za pikipiki.

Soketi ya rektifaya. Rektifaya ni kile kiboksi cha alumini chenye mapezi, kwa kawaida chini ya kiti au nyuma ya kava la pembeni. Kinafanya kazi mbili: kugeuza AC kuwa DC, na kuzuia volti zisizidi. Chomoa soketi yake. Plastiki nyeupe iliyogeuka kahawia au kuyeyuka ni ushahidi wa pini iliyokuwa haishiki vizuri ikazalisha joto. Pini za kijani zisugue kwa msasa laini, zibane kidogo kwa koleo ili zishike, kisha paka grisi nyembamba. Soketi iliyoyeyuka usiisafishe, ikate. Weka mpya, au unganisha kila waya kwa kulehemu na risasi na kuufunika peke yake. Kusokota waya na kuzungushia tepu hapa Lindi hakudumu: chumvi hupenya chini ya tepu na miezi michache baadaye unarudi palepale.

Soketi ikiwa imechomoka na injini imezimwa, pima volti kati ya waya unaoelekea chanya ya betri na fremu. Katika pikipiki nyingi za mtindo wa CG waya huo ni mwekundu, wa kijani ni ethi (njia ya kurudi hasi kupitia fremu), mweupe au wa waridi unatoka koili ya chaji, na wa njano ni wa taa. Bajaj na TVS zina mpangilio wao wa rangi, na pikipiki iliyopita kwa mafundi wengi inaweza kuwa na rangi yoyote, kwa hiyo fuatisha waya kwa mkono usiamini rangi peke yake. Waya wa chanya usome sawa na betri. Pikipiki chache huupitisha kwenye swichi ya funguo, basi jaribu na funguo ikiwa imewashwa. Ukisoma sifuri, waya umekatika kati ya hapo na betri, na rektifaya mpya isingekusaidia kitu.

Ethi. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Rudisha soketi, washa injini, shikilia resi ya kati, uweke ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye bodi ya injini, sehemu iliyokwanguliwa ikang'aa. Unatafuta chini ya volti 0.2. Kisha pima hivyohivyo kati ya chanya ya betri na waya wa chanya pale kwenye rektifaya, kwa kuchomeka ncha nyuma ya soketi, ikifika 0.3 au zaidi kuna kizuizi njiani. Ukipata nusu volti au volti nzima imepotelea kwenye ethi, fungua nati inayoshika waya wa ethi, kwangua rangi na kutu hadi chuma kionekane, kaza, kisha paka grisi juu. Fremu iliyopakwa rangi upya bila kukwanguliwa pale pa ethi huleta ugonjwa huuhuu.

Koili. Chomoa soketi inayotoka kwenye injini. Mita iweke kwenye omu (kipimo cha ukinzani), alama ya 200. Gusisha ncha zake zenyewe kwanza, namba unayoiona ni ya nyaya za mita, utaitoa kwenye majibu yote. Kama injini inatoa waya tatu za njano zinazofanana, pima ya kwanza na ya pili, ya pili na ya tatu, ya kwanza na ya tatu. Majibu matatu yafanane, kwa kawaida chini ya omu 2. Kisha pima kila waya na bodi ya injini: kusiwe na mgusano wowote. Ukiwepo, koili imeshoti. Kwa mtindo wa CG wenye waya mmoja wa chaji hali ni tofauti, kwani upande mmoja wa koili umefungwa kwenye ethi kiwandani. Hapo mgusano na bodi ni halali. Kinachokutisha ni mita kuonyesha njia iliyokatika kabisa.

Kipimo cha omu hakitoshi, maana koili huweza kuwa nzima ikiwa baridi na kushoti ikipata moto. Pima na uzalishaji. Geuza mita kwenye volti za AC, alama ya 200, soketi ikiwa bado imechomoka, uwashe injini. Volti zipande kadiri unavyoongeza resi, na kwenye mfumo wa waya tatu jozi zote zipande kwa usawa. Jozi moja ikibaki chini wakati mbili zinapanda, koili ina ugonjwa. Rudia baada ya injini kupata moto wa kutosha. Koili iliyoungua ukifungua kava utaijua: nyaya nyeusi, harufu kali. Ya kusokota upya ipo, lakini fundi atumie waya wa unene uleule na mizunguko ileile, la sivyo volti zitabadilika.

Koili ikitoa vizuri, waya zote ni nzima, ethi ni safi, na bado betri haipandi: sasa, na si kabla, nunua rektifaya. Unaweza kuithibitisha kwa alama ya diodi kwenye mita. Kati ya pini ya koili na pini ya chanya, upande mmoja usome kama 0.4 hadi 0.7 na ukigeuza ncha isisome kitu. Ikisoma pande zote mbili, au isisome popote, imekufa. Ukinunua nyingine peleka ya zamani dukani. Idadi ya pini kulingana hakutoshi. Mbili zenye pini nne huweza kuwa na mpangilio tofauti, na kuchomeka iliyo tofauti ni kuiua siku hiyohiyo.

Betri inachemka, maji yanaisha, balbu zinaungua

Kipimo cha tatu kikipita 15, rektifaya haidhibiti. Lakini kabla ya kuihukumu angalia ethi yake. Rektifaya nyingi hupima volti za betri kwa kulinganisha na ethi. Ethi ikiwa mbovu, inaona namba ndogo kuliko ilivyo na kuendelea kusukuma. Kaza, safisha, pima tena. Angalia na klipu za betri: ikilegea na kukatakata barabarani, volti huruka kila inapoachia.

Rektifaya kuwa ya moto ni kawaida, kwani nyingi hudhibiti kwa kuushoti umeme wa ziada na kuugeuza joto. Ndiyo maana ina mapezi, na ndiyo maana kuifunga kwenye mfuko wa plastiki kuikinga na mvua ya masika ni kuichoma. Iache ipate upepo. Kama umeihamisha, ifunge kwenye chuma kinachopitisha joto.

Jioni ni nzima, asubuhi imekufa

Mfumo unachaji, betri ni nzima, lakini ukiilaza usiku stata haiiti. Kuna kitu kinanyonya. Hakikisha funguo imezimwa, fungua waya wa hasi, geuza mita kwenye ampea kwa kutumia tundu la 10A kwanza, uweke ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye ule waya uliofungua. Usibonyeze stata mita ikiwa hapo, utaunguza fyuzi ya mita. Ukiona ni kidogo mno, shuka kwenye miliampea.

Pikipiki isiyo na nakshi isome karibu na sifuri. Miliampea 50 zinaonekana ndogo, lakini kwa saa 24 ni ampea-saa 1.2, na betri ya ampea-saa 5 haifiki siku tano. Kabla ya hapo stata itakuwa imeshachoka. Chomoa kimoja kimoja huku ukitazama mita: redio, chaja ya simu, kengele ya wizi, taa za urembo. Hivi ndivyo wahusika wakuu, hasa vilivyofungwa moja kwa moja kwenye betri bila kupitia funguo. Namba isiposhuka, chomoa rektifaya. Ikishuka hapo, diodi yake inavuja na umeme unarudi kwenye koili usiku. Dereva anayeona rektifaya ina vuguvugu asubuhi kabla ya kuwasha hahitaji hata mita.

Barabara kuu inachaji, mjini inaisha

Hesabu matumizi: wati gawanya kwa 12 upate ampea. Taa mbili za wati 20 ulizoongeza mbele ni zaidi ya ampea 3. Balbu ya breki ya wati 21 ni ampea 1.75, na hii ndiyo isahaulikayo: swichi ya breki ya mguu ikijaa mchanga wa Msimbati au ikirekebishwa vibaya, taa ya breki huwaka safari nzima. Simama nyuma ya pikipiki usiku mguu ukiwa mbali na breki, utaona.

Kisha washa kila unachotumia, piga resi ya kawaida, pima betri. Ikishuka chini ya 12.8, unatumia kuliko unavyozalisha, na betri kubwa zaidi itachelewesha tu siku ya kufa. Punguza mzigo au badili balbu kwa LED za wati chache. Msimu wa korosho, pikipiki zinapofanya kazi usiku kwa mwendo mdogo kwenye mashamba, tatizo hili huongezeka. Safari fupi za stendi hadi sokoni, kuwasha na kuzima, nazo hazirudishi kile stata ilichokula. Tumia kiki kwa kuwasha kwa mara ya kwanza asubuhi.

Betri yenyewe

Betri ya maji ina seli sita, kila moja kama volti 2.1. Ikijaa halafu ikasoma 10.5 bila kupanda, seli moja imekufa na hakuna dawa. Maji yawe kati ya mistari miwili ya pembeni. Ongeza maji ya betri yaliyosafishwa tu. Maji ya kisima, hasa ya pwani yenye chumvi, huharibu bamba. Asidi haiongezwi, kwani kinachopungua ni maji. Bomba la kutolea hewa lisibanwe wala lisidondokee mnyororo.

Kuchaji kwa nje, tumia moja ya kumi ya ukubwa: betri ya ampea-saa 7, ampea 0.7, ya 5, ampea 0.5. Chaja ya gari ya ampea 10 huichemsha. Paneli ya sola iliyounganishwa bila kidhibiti nayo ni hatari, kwani ile inayoitwa ya volti 12 hutoa hata 18 au zaidi jua likiwa kali. Chaji mahali penye hewa, bila sigara wala jiko karibu. Gesi inayotoka ni haidrojeni na hulipuka.

Betri mpya inayokuja kavu na chupa ya asidi: jaza hadi mstari, iache nusu saa bamba zinywe, ongeza asidi hiyohiyo kama imeshuka, kisha ichaji kikamilifu kabla ya kuifunga. Kuifunga mara tu baada ya kumwaga asidi huipa maisha mafupi tangu siku ya kwanza. Wakati wa kufungua, toa hasi kwanza. Wakati wa kufunga, tangulia na chanya, ili spana ikigusa fremu isilete shoti. Angalia alama mara mbili, kwa sababu kugeuza waya kwa sekunde moja kunatosha kuua diodi za rektifaya. Ukishafunga, washa, piga resi ya kati, na urudie kipimo cha tatu kabla dereva hajaondoka.